Nakala Hunoa Jicho Kabla ya Mkono

Mwaka 1650, akiwa Roma, mchoraji Mhispania Diego Velázquez alikuwa akijiandaa kumchora Papa Innocent X. Kwa mujibu wa Antonio Palomino, aliyeandika wasifu wake mwaka 1724, Velázquez hakutaka kumwendea mkuu huyo na mkono uliolala. Aliona afadhali ajinoe kwanza kwa kuchora sura ya mtu aliye hai, akamsimamisha mbele yake Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Afrika aliyekuwa mtumwa wake na msaidizi katika karakana yake. Zoezi hilo, lenye kimo cha sentimita 81 na upana wa sentimita 70 hivi, lilionyeshwa katika jengo la Pantheon mwezi Machi mwaka huohuo na kuwashangaza wasanii wa mji ule. Mwaka 1970 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 2.3, ilhali kabla ya hapo hakuna picha iliyowahi kuvuka pauni milioni moja kwenye mnada. Leo picha hiyo ya Pareja imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Wapenzi wa sanaa huihesabu miongoni mwa picha bora za sura ya mtu zilizopata kuchorwa, lakini kwa anayejifunza rangi ya mafuta ina faida ya pili: kilichokuwa zoezi la bingwa kinaweza kuwa zoezi lake pia. Kuinakili picha ya namna hii, hatua kwa hatua na kwa nia ya kuihoji, ni njia ya uhakika kuliko nyingi za kujifunza rangi ya mafuta, na lawama nyingi zinazotupiwa kunakili zinastahili kutupiwa unakili wa aina nyingine kabisa.

Ili kuona kwa nini, tuanze na rangi yenyewe. Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu ya mbegu za kitani. Haikauki kwa maji kuruka hewani kama rangi ya maji. Mafuta hunyonya oksijeni na kugeuka polepole kuwa utandu mgumu, kazi inayoweza kuchukua siku kadhaa kwa tabaka jembamba na wiki nyingi kwa tabaka nene. Rangi zenyewe hazilingani: udongo wa kahawia wenye manganizi hukauka upesi, na weusi wa mifupa iliyochomwa hukawia. Ukawiaji huo ndio neema ya rangi hii, kwa kuwa mchoraji anaweza kulainisha, kufuta na kurudia. Ndio mtihani wake vilevile, kwa sababu tabaka la juu likikauka kabla ya lililo chini yake picha hupasuka, na ndiyo maana mafundi husisitiza mafuta kidogo chini na mengi juu. Mwanafunzi anayeanza, basi, anabeba mizigo mingi kwa wakati mmoja: umbo, mwanga, rangi, mpangilio wa matabaka, kiasi cha mafuta, hali ya brashi. Ukimwongezea na mtu aliyekaa mbele yake, mtu huyo atachoka, atainamisha kichwa, na jua litahama dirishani. Picha iliyokwisha kuchorwa haichoki wala haihami. Tena kazi ngumu ya kuugeuza mwili wenye unene kuwa madoa ya rangi juu ya kitambaa bapa imekwisha kufanywa na mwingine, hivyo mwanafunzi anabaki na swali moja kubwa: rangi hii iliwekwaje?

Faida kubwa zaidi ni ya kipimo. Anayechora kwa kubuni hana pa kujipimia, kwa kuwa picha anayoitafuta imo kichwani mwake peke yake, na kichwa ni shahidi anayependelea. Anayenakili ana jibu limewekwa kando ya jaribio lake. Anaweza kuyatazama yote mawili kwa pamoja, akifumba macho nusu ili mambo madogo yapotee na yabaki madoa makubwa ya mwanga na giza. Anaweza kuyatazama kupitia kioo, hapo kosa la mizani lililokuwa limezoeleka machoni hujitokeza mara moja. Jicho la binadamu linahitaji ukali huo kwa sababu hudanganyika kwa urahisi. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha kitabu kikubwa kuhusu jinsi rangi zinavyobadilishana sura zikikaa jirani: kijivu kilekile huonekana cheupe kikizungukwa na giza, na huonekana cha baridi kikiwa karibu na rangi ya machungwa. Mwanafunzi anayeamini kwamba kola ya Pareja ni nyeupe atachukua nyeupe ya kwenye mrija na kuipaka jinsi ilivyo, kisha atashangaa mbona imeng'aa kupita uso. Akiilinganisha atagundua kuwa sehemu kubwa ya ule "weupe" ni kijivu. Hakuna maelezo ya kitabuni yanayofundisha jambo hilo kwa nguvu kama tofauti inayoonekana wazi baina ya picha mbili.

Kwa hiyo kazi ya kunakili huanza kabla ya brashi kugusa rangi. Mwenye kunakili picha ya Pareja anapaswa kujiuliza ni kipi kilitangulia. Wachoraji wa zama zile hawakuanzia juu ya turubai nyeupe tupu. Waliipaka kwanza rangi ya msingi, ya udongo au ya kijivu, ili mwanga na giza vyote viweze kupimwa kutokea katikati. Juu ya msingi huo mwanafunzi huchora kwa brashi na rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini: mhimili wa kichwa, mteremko wa mabega, mkono uliokunjwa mbele ya mwili. Hafanyi jicho, hafanyi pua. Anaweka mahali pa kila kitu. Kisha anagawa picha yote katika maeneo matatu au manne tu ya mwanga na giza, na hapo ndipo ufundi wa mpangilio wa Velázquez unapojitokeza. Mandharinyuma ni ya kijivu, haina meza wala pazia. Nguo ni nzito na za giza. Kola ndilo eneo pana jeupe. Na uso umekaa baina ya nywele nyeusi na kola hiyo. Macho ya mtazamaji hayana pengine pa kwenda. Anayeitazama picha kwa kuburudika huvutwa na uso bila kujua amevutwaje. Anayeinakili analazimika kujua, maana akikosea daraja moja la giza katika ile mandharinyuma, uso unarudi nyuma na mtu anapotea.

Somo la rangi ya ngozi ndilo linaloifanya picha hii iwe na thamani ya pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Vitabu vingi vya mafunzo vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huchukulia kwamba ngozi ya kuchorwa ni ya waridi, na anayetaka kuchora ngozi nyeusi kwa kufuata maelekezo yale huishia kuongeza kahawia na weusi hadi uso unakuwa kama udongo mkavu. Velázquez alifanya kinyume. Rangi alizozitumia katika kazi zake ni chache na si za ajabu: nyeupe ya risasi, udongo wa manjano na mwekundu, nyekundu ya zebaki, kahawia, weusi wa mifupa, na nyinginezo kidogo. Ngozi ya Pareja haikutoka katika kahawia moja. Sehemu zinazopokea mwanga, hasa paji la uso, zina mng'ao mkali wenye ubaridi, kwa sababu mng'ao huonekana mkali zaidi juu ya ngozi ya giza kuliko juu ya ngozi nyeupe. Pale mwanga unapoanza kufifia, joto la rangi nyekundu na ya udongo huchukua nafasi, na vivuli vimepakwa rangi nyembamba inayopitisha nuru, si tope zito. Mwanafunzi wa leo hana haja ya nyeupe ya risasi, ambayo ni sumu. Nyeupe ya titani inatosha, mradi akumbuke kwamba hiyo hufunika zaidi na hupoza rangi zaidi, hivyo itataka kutiwa chembe ya manjano. Akifika mwisho wa uso huo atakuwa amejifunza kwamba ngozi haina "rangi yake" ya kununuliwa dukani. Ina uhusiano kati ya mwanga, kivuli na kilicho jirani, na uhusiano huo ndio anaoweza kuuhamishia kwa mtu yeyote.

Linalofuata ni somo la kiasi. Wanaoanza hudhani kwamba uhalisia ni wingi wa mambo madogo, kwamba ndevu zitafanana na ndevu zikichorwa unywele mmoja mmoja. Ukiikaribia kazi ya Velázquez ya miaka hiyo, ndevu ni mguso wa giza uliolainishwa kingoni, na ukingo wa kola ni madoa mepesi ya rangi yaliyotupwa kwa haraka. Rudi nyuma hatua chache, madoa yanakuwa lasi na giza linakuwa ndevu. Mahali pengine mstari kati ya nguo na mandharinyuma umepotea kabisa, na jicho la mtazamaji ndilo linaloumalizia. Kunakili mguso wa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kunakili unywele, maana mguso uliowekwa kwa kusita huonekana umesita. Mwanafunzi atafuta na kurudia hadi aelewe kwamba kasi ya bingwa ilitokana na kuamua mapema: alijua rangi, mahali na uzito wa doa kabla ya kulitia. Huo ni utambuzi ambao mikono huupata kwa kuurudia uamuzi wa mwingine, na ni vigumu kuupata kwa kutazama tu.

Historia inaunga mkono hoja hii kwa ushahidi mwingi. Velázquez mwenyewe alifundwa Seville na Francisco Pacheco, ambaye baadaye alikuwa mkwewe na ambaye kitabu chake cha uchoraji, kilichotoka mwaka 1649, kilieleza ngazi za mwanafunzi kuanzia kuiga kazi za waliotangulia hadi kubuni zake. Mwaka 1628 Peter Paul Rubens alifika Madrid akiwa na miaka zaidi ya hamsini, bingwa anayejulikana Ulaya nzima, na bado alikaa chini kunakili picha za Titian zilizokuwa katika hazina ya mfalme. Nakala yake ya Adamu na Hawa imo katika makumbusho ya Prado pamoja na ile ya Titian, na anayezilinganisha ataona Rubens alibadilisha mkao wa Adamu na kuongeza kasuku: aliinakili kama mtu anayejadiliana na mwenzake. Mchoraji John Singer Sargent alikwenda Prado mwaka 1879 kunakili kazi za Velázquez, na miaka mitatu baadaye akawachora mabinti wanne wa familia ya Boit ndani ya chumba chenye kiza, picha ambayo deni lake kwa Velázquez liko wazi na ambayo hakuna aliyewahi kuiita ya Velázquez. Makumbusho ya Louvre yaliwaruhusu wanakili tangu yalipofunguliwa mwaka 1793, na ya Metropolitan yanawapokea tangu mwaka 1872. Taasisi hizi zinalinda mali zao kwa wivu, na zisingewaachia watu waingie na rangi mbichi mbele ya hazina hizo kama zisingeamini kwamba kuna elimu inayopatikana hapo tu.

Hata hivyo kuna mapingamizi mazito, na lililo zito kuliko yote limetoka kwetu. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Kilimanjaro na mmoja wa waasisi wa nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, amejulikana kwa onyo lake kwa wasanii kwamba wasinakili, kwani kunakili humlaza Mungu usingizi. Kabla yake Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alikataa kuwalisha wanafunzi wake mifano ya Ulaya, akitaka wachore kutokana na maisha na simulizi zao. Onyo hili lina msingi. Katika nchi zilizotawaliwa, kuiga kulikuwa na maana ya kukiri kwamba uzuri unatoka kwingine, na soko la watalii limeendeleza ugonjwa huo kwa kudai picha ileile ya twiga na machweo mara elfu. Lakini tuangalie kwa makini kinacholaaniwa. Anayerudia picha ya twiga anafanya hivyo kwa sababu ameacha kuuliza. Mkono unajua njia na akili imepumzika. Anayemnakili Velázquez ili ajifunze yuko katika hali ya kinyume, kwa kuwa kila dakika anakuta jambo asilolijua. Usingizi anaousema Njau hauletwi na kuwepo kwa kielelezo, unaletwa na kukosekana kwa swali. Fundi wa nakshi wa Lamu huanza kwa kuchonga ua alilolichonga mwalimu wake, na hakuna anayesema amenyimwa ubunifu. Tunamlaumu tu iwapo miaka ishirini baadaye bado anajua ua hilo peke yake.

Pingamizi lingine ni la uaminifu: nakala si wizi, au hatua ya kwanza ya kughushi? Jibu limo katika kusudio na katika alama. Kughushi ni kumdanganya mnunuzi kuhusu nani aliyechora. Louvre imeweka masharti yanayolizuia hilo: nakala isiwe na ukubwa sawa na picha ya asili, izidi au ipungue kwa moja ya tano, na saini ya mchoraji isiigwe. Anayejifunzia nyumbani afuate utaratibu huohuo, tena aandike nyuma ya turubai jina lake, mwaka, na maneno "nakala kutoka kwa Velázquez". Kuhusu haki za mchoraji, Velázquez alifariki mwaka 1660 na kazi zake ni urithi wa wote. Hali ni tofauti kabisa kwa msanii aliye hai, ambaye kazi yake hainakiliwi na kuuzwa bila ridhaa yake.

Pingamizi la tatu ni la vitendo na linastahili kukubaliwa kwa sehemu. Mkazi wa Mwanza au Bujumbura hatasimama mbele ya picha ya Pareja. Atatazama picha yake kwenye kioo cha simu. Kioo hutoa nuru ilhali turubai huipokea, hakionyeshi wapi rangi ni nene na wapi ni nyembamba, na kila simu ina rangi zake. Umri nao hupotosha: vanishi ya zamani hugeuka manjano, na picha hii ilionekana tofauti ilipoondolewa vanishi baada ya kununuliwa na Metropolitan. Kwa hiyo anayenakili kutoka kwenye picha ya mtandaoni asijidai kwamba amepata rangi halisi ya Velázquez. Lakini yaliyo mengi katika somo hili hayapotei. Mizani ya kichwa, mgawanyo wa mwanga na giza, kingo zilizokaza na zilizopotea, uhusiano wa joto na ubaridi, vyote hubaki. Tangu mwaka 2017 jumba la Metropolitan limetoa bila malipo picha za kidijitali za kazi zake zisizo na haki miliki, kwa ubora unaoruhusu kukuza hadi mguso wa brashi uonekane. Ni bora kuichapisha kwenye karatasi na kuiweka kando ya turubai chini ya mwanga uleule, kuliko kufukuzana na kioo kinachobadilika. Gharama nazo zinapunguzika: ubao mdogo uliopakwa msingi, rangi nne au tano na brashi chache zinatosha kwa kichwa na kola, na kichwa na kola ndimo somo lilimo.

Wapo pia watakaouliza kwa nini tufunge safari hadi Hispania ya karne ya 17 wakati tuna uchoraji wa Tingatinga. Njia hizi mbili hazigombani, ila hazifundishi kitu kimoja. Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata walitumia rangi za kung'aa za madukani juu ya vipande vya hardboard, wakajenga lugha ya umbo bapa, mpaka safi na pambo. Nguvu yake haitoki katika kivuli. Anayetaka kuonyesha uso wa bibi mwenye makunyanzi chini ya mwanga wa dirisha anahitaji maarifa ya lugha nyingine, na maarifa hayo yalihifadhiwa kwenye picha kama hii. Tena picha hii si ya Ulaya peke yake. Mtu anayetutazama kutoka humo alikuwa mwenye asili ya Afrika, aliandikiwa hati ya uhuru na Velázquez mwezi Novemba 1650, hati iliyotimia baada ya miaka minne, na alikuja kuwa mchoraji kwa jina lake. Mwaka 1661 alichora Wito wa Mathayo, picha yenye upana wa zaidi ya mita tatu iliyo Prado, naye mwenyewe akajiweka pembeni, ameshika karatasi yenye saini yake.

Maisha ya Pareja yanaonyesha pia mpaka wa kunakili. Alikaa miaka mingi karibu na bwana wake, lakini Wito wa Mathayo una rangi za kung'aa, watu wengi na mpangilio uliojaa, mbali na utulivu wa kijivu wa Velázquez. Alichukua alichokihitaji akaenda njia yake. Ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa mwanafunzi. Nakala moja iliyofanywa kwa makini ina manufaa kuliko kumi zilizofanywa kwa mazoea, na kila moja ifuatwe haraka na kazi ya mtu aliye hai, kwa msingi uleule, rangi zilezile chache na mpangilio uleule wa hatua. Anayetaka kujua kama kunakili kumemfaa asiwaulize watu iwapo Pareja wake anafanana na wa Velázquez, kwani hata mashine inaweza kufananisha. Amkalishe jirani yake dirishani na kuanza kumchora. Akiweza kutaja, kabla ya kuchanganya rangi, wapi mwanga unapoza, wapi kivuli kinapata joto na wapi mpaka wa shavu unapotea, basi nakala imemfundisha. Akishindwa, arudi kwa Pareja, lakini safari hii aende na maswali.